Pemba siku nne: daladala, honda au gari?

Mwanafunzi wa Tunguu
Assalamu alaykum. Tuko watatu, tunatoka Unguja, likizo siku nne. Tunataka kisiwa cha Misali, msitu wa Ngezi na ufukwe wa Vumawimbi, na mfuko ndio huu wa mwanafunzi. Tutegemee daladala, tukodi honda (pikipiki), au tuchangie gari?

Mtu wa Machomane
Wa alaykum salaam. Kaeni Chake Chake, mpande daladala. Boti ikikushusheni Mkoani, chukueni daladala namba 603. Kutoka Chake, 602 inakwenda Konde, 606 inakwenda Wete kwa njia kongwe. Hiyo 606 mimi huipanda hata sina safari. Mkishuka njia panda ya Kidike, mtatembea mkaone popo wa Pemba, ambao kwengine duniani hawapo.

Bi Karafuu
Yakhe, usiwadanganye watoto. 602 inaishia Konde. Ngezi iko mbele, na Vumawimbi ni mpaka uuvuke msitu. Kwa miguu na jua lile, watafika hoi na gari ya kurudi imeshaondoka. Honda tu hapo.

Kusi
Honda sawa, lakini ikagueni. Mwaka jana nilikodi moja ya bei poa, mnyororo ukakatika katikati ya Ngezi. Nimeisukuma mpaka Konde, tumbili wananitazama. Pemba ni vilima na mabonde, breki usizifanyie mzaha. Na msimu wa karafuu watu huanika pembeni mwa barabara. Ukipita juu ya jamvi la mtu, hilo ni lako.

Bi Karafuu
Na utalipa kweli!

Mtu wa Machomane
Haya, Bi Karafuu kanishinda. Siku ya Ngezi, 602 asubuhi, kisha bodaboda Konde. Patana kwenda na kurudi, nusu ya pesa mtoe mkirudi, maana aliyelipwa yote husahau kukufuateni. Pesa yenu italiwa na Misali. Mashua inatoka Wesha na bei ni ya chombo kizima: watatu mtaumia, sita mtacheka. Ongezeni kiingilio cha hifadhi, na mbebe maji na chakula. Mkifika, waulizeni wavuvi habari ya msala wa Nabii Khidhr.

Mwanafunzi wa Tunguu
Na gari?

Kusi
Kama mna mzee, au ni masika. La sivyo, hiyo pesa kaleni pweza.

Mwanafunzi wa Tunguu
Gari tumeiacha. Wa kwenda Misali tumeshafika watano. Nani wa sita?