Sabuni ya maji imekatika baada ya kuongeza chumvi, naiokoaje?

TandikaSabuni:
Wakuu, habari za asubuhi. Sabuni ya vyombo lita 20, ungarol (malighafi ya sabuni inayotoa povu) kilo moja na nusu. Chumvi ilipofika nusu kilo ilikuwa inavutika kama mlenda. Nikatia nusu kilo nyingine izidi kuwa nzito, ikageuka maji matupu, tena ina ukungu. Niongeze chumvi au nimwage?

FundiKemia:
Usimwage, na usiongeze hata chembe. Umepita kilele, yaani kipimo cha chumvi kinachoipa sabuni uzito mkubwa kuliko wote. Molekuli ya ungarol ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Ndani ya maji zinajikusanya kuwa vidonge vidogo mno, mikia ndani, vichwa nje. Vichwa vinasukumana kwa sababu ya chaji. Chumvi inatuliza msukumano huo, vidonge vinarefuka kama tambi, tambi zinasokotana: huo ndio mlenda wako. Chumvi ikizidi, msokotano unaachia, halafu ungarol inaanza kujitenga na maji. Ukungu ni dalili hiyo.

Hakikisha kwanza. Chota glasi moja, tia maji safi kijiko kimoja kimoja ukikoroga taratibu. Ikianza kuwa nzito, kosa ni chumvi.

Kisha koroga ndoo ya pili ya lita 20, ungarol kilo moja na nusu, bila chumvi kabisa, uchanganye zote mbili. Lita 40 zenye kilo moja ya chumvi ni gramu 500 kwa kila lita 20, palepale ilipokuwa nzito.

Mkorogo_Safi:
Naongezea. Kama unatumia maji ya kisima, visima vingi vya Dar vina chumvi tayari, kwa hiyo kipimo cha mwenzako hakikufai. Yeyusha chumvi pembeni, ukifika gramu 300 tia kijiko kimoja kimoja. Pafyumu iingie kabla ya chumvi ya mwisho maana nayo hubadilisha uzito. Na usihukumu sabuni ikiwa ya moto au ina povu. Iache ipoe, itanenepa.

TandikaSabuni:
Glasi imekuwa nzito kwa vijiko viwili! Asanteni sana. Mdogo wangu yuko maabara, anasema wao wanatumia SDS (sodium dodecyl sulfate). Ni ungarol hiyohiyo?

MezaYaMaabara:
Ukoo mmoja, kazi tofauti. Ungarol ina etoksi (vipande vidogo vya kaboni, hidrojeni na oksijeni) kati ya kichwa na mkia, ndiyo maana ni laini zaidi kwa ngozi na inafaa shampuu, lakini ni mchanganyiko wa molekuli za urefu mbalimbali. SDS ya maabara husafishwa kwa sababu inashika protini kwa kipimo, kama gramu 1.4 kwa gramu moja ya protini, inaikunjua na kuipa chaji hasi ili protini zikipitishwa kwenye jeli kwa umeme zitengane kwa ukubwa. Ungarol haiwezi kushika nafasi hiyo.

Mwambie avae barakoa anapopima unga wa SDS, unakera sana njia ya hewa. Myeyusho wa asilimia 10 asiuweke kwenye friji, utaganda. Ukiganda aupashe hadi nyuzi 37. Na asiuchanganye na bafa (myeyusho unaoshikilia kiwango cha asidi) yenye potasiamu: mashapo meupe yatatuama chini na SDS yake itakuwa imepotea humo.