Kuchora watoto kutoka kwenye picha za simu: sura zinatoka za wazee, ngozi imepauka

Brashi_Kirumba
Wakuu, habari za jioni. Nina kazi ya mteja hapa Mwanza: watoto wawili, wa miaka 3 na 7, kwenye turubai moja ya sentimita 40 kwa 60, rangi ya mafuta. Picha ni mbili tofauti. Ya mdogo ilipigwa kwa simu ufukweni, jua la jioni likitokea kushoto. Ya mkubwa ni ya sebuleni, dirisha liko kulia, kavaa sare ya shule. Nimeshafuta mara mbili. Wanafanana na picha, lakini wanaonekana wazee, na ngozi imepauka kama waliotoka kuoga ziwani wakakosa mafuta ya kujipaka. Nakosea wapi?

Fundi_Miraba
Uzee unaanzia machoni, mkuu. Kwa mtu mzima mstari wa macho unapita katikati ya kichwa, ukipima utosi hadi kidevu. Kwa mtoto unashuka chini ya katikati: paji linakuwa kubwa, pua, mdomo na kidevu vinabanana huku chini. Pandisha macho nusu sentimita tu, umeshamzeesha.

Halafu ile mikunjo ya kutoka puani hadi pembe za mdomo. Mtoto akicheka, kamera inaionyesha kama mistari myeusi, na ukiinakili kwa brashi nyembamba umechora babu yake. Iweke kama badiliko dogo la rangi, kingo uzilainishe kwa brashi kavu. Meno nayo usiyatenganishe kwa mistari. Pengo ndilo la kuchora, tena mama yao atalitafuta.

Wengi wanaharibu kwenye vichwa. Wa miaka 3 ana urefu wa kama sentimita 95, wa 7 kama 120, kwa hiyo mtu anampunguza mdogo kila kitu. Kichwa cha mdogo kinakaribia sana kile cha kaka yake! Tofauti iko mwilini: urefu wa mdogo ni kama vichwa vyake 5 hivi, wa mkubwa 6.

Miraba ya kukuzia picha, unanakili mraba kwa mraba: picha ya sentimita 10 kwa 15 piga ya sentimita 1, kwenye turubai piga ya 4. Ya picha ichore juu ya nailoni angavu uliyoilaza juu yake, usiguse picha ya mteja. Na picha ya simu iliyopigwa karibu sana hukuza pua na kurudisha masikio nyuma, miraba itakunakilia kosa hilohilo. Omba nyingine iliyopigwa kwa mbali, hata kama ina ukungu, upime humo.

Rangi_Bwiru
Kupauka ni nyeupe hiyo. Ukitia nyeupe kwenye kahawia ili kuing'arisha, inapoa na kugeuka kijivu. Anza na banti amba (kahawia iliyokolea) na banti siena (kahawia nyekundu). Ng'arisha kwa njano ya oka na chembe ya nyekundu. Kivuli kifanye kwa banti amba na bluu ya ultramarini, weka nyeusi kando. Nyeupe ije mwisho, pale mwanga unapogonga paji na ncha ya pua, tena kidogo. Weupe wa jicho nao si mweupe: utie kahawia kidogo, uwe mweusi zaidi chini ya kope la juu.

Brashi_Kirumba
Asanteni sana. Nikiigeuza ya mkubwa kama kwenye kioo ili mwanga wote utoke kushoto, itakubali?

Fundi_Miraba
Itakubali, maana mwanga wake una upande. Ingekuwa ya flashi usingepata kitu, ile inapiga usoni moja kwa moja. Ila ukigeuza, mfuko na nembo ya shati vinahamia upande wa kulia wa mtoto, vifungo vinageuka, kovu na pengo la jino vinabadili upande. Virudishe kimoja kimoja kwa kutazama picha halisi. Na mwanga wa dirisha ni wa baridi, yaani una ubluu. Upashe joto kwa njano ya oka ufanane na jua la mdogo.

Rangi_Bwiru
Unachora usiku? Zima taa ya karibu na turubai ukimaliza. Wale vijidudu vya ziwani wakija kwa wingi wanafuata mwanga na kunasa kwenye rangi mbichi. Usiwafute hapohapo, utaburuta shavu zima. Subiri rangi ikauke, uwang'oe kwa brashi kavu. Funika kwa chandarua kilichovutwa kwenye fremu, kisiguse rangi.