Mjadala: Bodi isiyoweza kumwondoa bosi wa shirika la umma ipo kwa kazi gani?

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Kila mwaka CAG, yaani Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, akishakabidhi ripoti yake Ikulu na ikafika bungeni, tunarushiana takwimu za hasara wiki mbili, kisha tunarudi kwenye Simba na Yanga. Safari hii naomba tusiishie kuuliza shirika lipi limepata hasara. Tuulize ni nani alikuwa na uwezo wa kuizuia.

Kwenye mashirika yetu mengi Rais anateua mwenyekiti wa bodi, waziri anateua wajumbe waliobaki, na mkurugenzi mkuu naye anateuliwa na Rais. Bodi ndiyo inayopitisha bajeti, inayopokea taarifa za mkaguzi wa ndani na inayopitia vihatarishi, yaani mambo yanayoweza kuliumiza shirika, kila robo mwaka. Kwa makaratasi ndiyo mwajiri wa menejimenti. Ila huyo mkurugenzi haikumwajiri wala haina uwezo wa kumfuta kazi, na siku akihamishwa mjumbe wa bodi anaweza kuipata habari kwenye simu yake saa ileile ninayoipata mimi.

Mnakumbuka Septemba 2023? Bosi wa TANESCO alipelekwa TTCL, na kabla wiki haijaisha akahamishiwa Posta. Uwezo wake sina shida nao. Ninachouliza ni bodi za mashirika hayo matatu zilikuwa wapi. Umeme, simu na vifurushi ni biashara tatu tofauti kabisa, kila moja ina madeni yake na hatari zake.

Wengi wanaolalamikia uteuzi wanataka nafasi zitangazwe, watu waombe, wafanyiwe usaili. Sawa, sipingi. Lakini mtu aliyeshinda usaili halafu akawa haguswi na bodi yake, baada ya miezi sita atakuwa kama wenzake wote: jicho liko juu, bodi anailetea makabrasha na maji ya kunywa. Kwangu namna ya kuingia ni jambo la pili. La kwanza ni nani anaweza kumtoa.

Chukueni ATCL, shirika letu la ndege. Kwa hesabu za CAG, hasara ilikuwa shilingi bilioni 35.24 mwaka 2021/22, ikawa bilioni 56.64 mwaka 2022/23, na mwaka 2023/24 ikafika bilioni 91.8. Miaka hiyo ndege zilinunuliwa na Serikali, zikamilikiwa na Wakala wa Ndege za Serikali, na ATCL wakawa wanazikodi. Injini za Airbus A220 ziliposumbua, na zilisumbua mashirika mengi duniani, ndege zikakaa chini huku gharama zikiendelea. Bodi haikununua ndege na mkurugenzi haikumchagua, ila hasara imeandikwa kwenye vitabu vyake. Nielezeni, hapo mnamwajibisha nani?

Mstaafu wa Hazina

Ndugu mleta mada, umejenga vizuri lakini nyumba yako haina mlango wa nyuma. Rais amepigiwa kura. Mwenyekiti wa bodi kapigiwa kura na nani? Mtendaji akiharibu, leo mwananchi anajua wa kumlaumu. Ukiipa bodi rungu, lawama itaanza kuzunguka: waziri anaisukumia bodi, bodi inaisukumia kamati ya ukaguzi, kamati inasema menejimenti haikuleta taarifa.

Halafu usiangalie kwetu tu. Kenya Airways ilibinafsishwa mwaka 1996, KLM, shirika la ndege la Uholanzi, wakaingia, hisa zikauzwa sokoni Nairobi. Bodi ilijaa watu wa kampuni, si makada, na ilikuwa na mamlaka yote unayoyalilia hapa. Ikabariki mpango wa kupanua shirika kwa kasi, ule walioupa jina la Mawingu. Mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2015 ukafungwa kwa hasara ya shilingi za Kenya bilioni 25.7, uliofuata bilioni 26.2. Bodi yenye nguvu ikikosea inakosea kwa nguvu.

Nimekaa vikao hivyo, najua kinachozungumzwa. Nusu saa ya kwanza ni kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita.

Mkaguzi wa Ndani

Wakubwa zangu, ninyi mnazungumzia juu sana. Ngoja niwashushe hadi kwenye daftari la vihatarishi lenyewe.

Nipo ukaguzi wa ndani kwenye taasisi ya umma, jina libaki kwangu. Kila robo mwaka idara zinatakiwa zijaze jedwali: kihatarishi, chanzo, uwezekano wa kutokea, athari, hatua za kukidhibiti, mhusika. Likishajazwa linapakwa rangi: kijani, njano, nyekundu. Ukifungua la robo hii na la robo iliyopita ukayaweka sambamba, kilichobadilika ni tarehe. Mpaka makosa ya tahajia yako palepale. Idara ya fedha imeandika "kushuka kwa mapato", hatua ya kukidhibiti ni "kuongeza juhudi za ukusanyaji mapato". Njano. Nikimwuliza mkuu wa idara kwa nini si nyekundu wakati mapato yameshuka kweli, ananijibu nyekundu zikizidi mbili tutaulizwa maswali.

Na kihatarishi kikubwa kuliko vyote hakimo. Kila mtu ofisini anakijua: simu kutoka wizarani. Hakuna idara itakayokiandika, kwa sababu safu ya "mhusika" ingejazwa jina la nani?

Waliosahau wakumbuke Richmond. Mwaka 2006 nchi iko gizani, inatafutwa mitambo ya dharura ya megawati 100. Kamati Teule ya Bunge iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe ilieleza jinsi wizara ilivyouchukua mchakato wa zabuni mikononi mwa TANESCO, na kampuni iliyopewa kazi, ndiyo hiyo Richmond, haikuwa na uwezo wa kuifanya. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2004 ilikuwepo. TANESCO ilikuwa na bodi yake na wataalamu wake. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, na mawaziri wawili wakatoka naye. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba tunakosa kanuni. Kanuni zimejaa kabatini, ila mtu wa kusema "hapana" hana anayemlinda.

Mimi mwenyewe kwa utaratibu naripoti kwa kamati ya ukaguzi ya bodi. Likizo yangu, bajeti yangu na gari la kwenda kukagua mikoani vyote vinasainiwa na mkurugenzi. Fikirieni natumwa kumkagua huyo huyo.

Kijana wa Kigamboni

Mkaguzi umemaliza kila kitu 😂 Nyekundu zikizidi mbili tutaulizwa maswali! Posho ya kikao iwe nyekundu pia basi.

Mleta mada

Mkaguzi, ahsante sana. Hilo la gari na likizo nilikuwa silijui kwa undani huo, na linaipa hoja yangu nguvu: mkurugenzi asiyeweza kutolewa na bodi anawashika hata wale ambao bodi inawategemea wampe macho.

Mzee wangu wa Hazina, shikamoo. Kenya Airways nakubali walianguka vibaya. Lakini angalia kilichofuata. Mwaka 2016 mwenyekiti wa bodi akabadilishwa, mkurugenzi mkuu naye akatangaza kuondoka. Kilio cha marubani na hasira za wanahisa vilikuwa na pa kufikia. Haikuwa dawa ya siku moja, faida waliiona tena mwaka 2024, baada ya zaidi ya miaka kumi ya hasara. Ila walau kila mtu alijua ni kina nani waliobariki ule mpango. Kwetu mwambie mtu yeyote mtaani akutajie mwenyekiti mmoja tu wa bodi ya shirika lililopata hasara. Hata wewe uliyekaa nao utahitaji dakika.

Na mfano wa nyumbani tunao. NMB Serikali ina asilimia 31.8 ya hisa. Haina wingi wa kumteua bosi kwa tamko, inabidi ikae mezani na wanahisa wengine. Mwaka 2024 ilipokea gawio la shilingi bilioni 57.4 kutoka benki hiyo. Serikali ileile, watumishi walewale wanaotumwa kuiwakilisha. Tofauti ni kwamba pale haiwezi kuamka asubuhi ikahamisha mtu.

Bint wa Katavi

Kaka, NMB ni benki! Haijawahi kuambiwa ifungue tawi kijijini kwetu kwa hasara ili wananchi wajisikie wako Tanzania. ATCL inatua Mpanda. Mtu wa kampuni ya binafsi akipiga hesabu zake hawezi kuleta ndege Mpanda, na bodi yako yenye meno ikipewa uhuru kikao cha kwanza tu itatufuta. Sisi tukipanda basi kwenda Dar tunajua tunachopitia. Kwangu hasara nyingine ni huduma, isipokuwa haijaandikwa hivyo.

Mleta mada

Dada, hapo umegusa penyewe. Basi iandikwe! Serikali ikitaka ndege iende Mpanda hata kama abiria hawatoshi, isaini mkataba na shirika: safari kadhaa kwa wiki, nauli isizidi kiasi fulani, na tofauti inalipwa na Hazina. Hapo hasara ya Mpanda tunaitoa, inabaki hasara ya uzembe peke yake, na bodi haina pa kujificha. Sasa hivi zimechanganywa kwenye sufuria moja, mkurugenzi mbovu na mkurugenzi aliyetumwa Mpanda wanaonekana sawa.

Mstaafu wa Hazina

Marahaba kijana. Huo mkataba ni mzuri, ila mimi nimefanya kazi upande wa mlipaji, kwa hiyo nikuulize la mlipaji. Hazina isipolipa kwa wakati, bodi itafanya nini?

TANESCO ilidai taasisi za Serikali kwa miaka. Wajumbe wa bodi walizijua namba, zilikuwa kwenye makabrasha yao kila robo mwaka. Deni la Zanzibar pekee lilitajwa kuwa shilingi bilioni 121. Hakuna aliyethubutu kukata. Machi 2017, Rais Magufuli akiwa Mtwara, akasema hadharani wadaiwa wote wakatiwe umeme, hata kama ni Ikulu. Baada ya hapo ndipo tukaona notisi za kukatiwa zikitolewa na taasisi zikikimbilia kulipa.

Nitajie bodi moja, ya sheria yoyote unayoitaka, ambayo ingekata umeme wa wizara iliyo juu yake.