Audrey Hepburn: Je, kazi yake kwa watoto ilizaliwa na umaarufu au na njaa aliyoipitia mwenyewe?

Swali, kutoka kwa Mwalimu wa Historia

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimeombwa kuzungumza na klabu ya filamu ya wanafunzi wetu kuhusu mwigizaji aliyejitolea katika kazi za kibinadamu, nami nimemchagua Audrey Hepburn. Wasifu wake kwa jumla ninao: alizaliwa Ixelles, Brussels, tarehe 4 Mei 1929, mwaka 1954 akatwaa tuzo ya Oscar kwa filamu ya Roman Holiday, kuanzia mwaka 1988 akaitumikia UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la watoto, ambako alikuwa Balozi Mwema, akafariki nyumbani kwake Uswisi tarehe 20 Januari 1993. Hata hivyo, wanafunzi wangu wawili wameniuliza kwa nini wamheshimu Mzungu tajiri aliyekuja Afrika kupigwa picha na watoto wenye njaa. Swali hilo lina uzito na sitaki kulijibu kwa sifa tupu. Je, ni nini hasa kilichomsukuma, na safari zile zilikuwa na faida gani zaidi ya picha?

Jibu la kwanza, kutoka kwa Msomaji wa Vita Kuu

Mwalimu, ningeanzia Uholanzi. Baba yake aliiacha familia mwaka 1935, na vita vilipoanza mwaka 1939 mama yake, aliyekuwa wa ukoo wa kikabaila wa Kiholanzi, akamhamishia Arnhem akiamini kwamba Uholanzi ingebaki nje ya vita kama ilivyokuwa katika vita vya kwanza. Wajerumani waliingia Mei 1940. Mwaka 1942 mume wa mama yake mkubwa aliuawa kwa kupigwa risasi pamoja na mateka wengine, na kaka yake mmoja wa upande wa mama akapelekwa Berlin kufanyishwa kazi kwa nguvu.

Njaa yenyewe ilikuja baadaye, na chanzo chake wanafunzi wako wanapaswa kukijua. Septemba 1944 serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni London iliwataka wafanyakazi wa reli wagome ili kuyasaidia majeshi ya Washirika, waliopigana na Wajerumani, yaliyokuwa yakijaribu kuteka daraja la Arnhem. Wajerumani wakalipiza kisasi kwa kuzuia chakula kuingia magharibi mwa nchi, na katika majira ya baridi yaliyofuata watu wapatao 20,000 walikufa. Binti huyo, wakati huo akiishi Velp karibu na Arnhem, alikula mkate uliokandwa kwa unga wa vitunguu vya maua ya tulipu, akapungukiwa damu na kuvimba miguu. Misaada ya Umoja wa Mataifa ilipofika baada ya ukombozi alimaliza mkebe mzima wa maziwa mazito kwa mara moja, akaugua, maana tumbo lilikuwa limesahau chakula cha namna ile. Kwa hiyo alipoingia Ethiopia Machi 1988, katika kituo cha yatima cha Mekele, hakuwa mtu aliyesoma habari za njaa magazetini.

Jibu la pili, kutoka kwa Mpenzi wa Sinema, Kisangani

Nakubaliana na ndugu aliyetangulia, lakini nahofia tukieleza kila kitu kwa utoto wake tutamwondolea sifa ya uamuzi. Waholanzi waliolala njaa majira yale walikuwa mamilioni. Tuitazame pia kazi yake, kwa sababu ndiyo iliyompa nidhamu aliyokuja kuitumia. Alitaka kuwa mchezaji wa baleti, akajifunza London kwa mwalimu wa baleti Marie Rambert, akaambiwa kwamba urefu wake na mwili uliodhoofishwa na vita havingemwezesha kufika daraja la juu kabisa. Akageukia jukwaa ili apate riziki. Mwaka 1951 mwandishi wa Kifaransa Colette alimwona Monte Carlo, akaona amempata Gigi, mhusika mkuu wa hadithi yake, na kabla mwaka haujaisha msichana huyo alikuwa akimwigiza kwenye jukwaa la Broadway, New York. Yaliyofuata yanajulikana: Sabrina, Breakfast at Tiffany's, My Fair Lady, na kuteuliwa mara tano kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike.

Filamu ambayo ningewaonyesha wanafunzi ni The Nun's Story ya mwaka 1959. Sehemu zake za Afrika zilipigwa hapa kwetu, wakati mji ukiitwa Stanleyville na nchi ikiwa bado chini ya Wabelgiji. Anaigiza mtawa muuguzi kutoka Ubelgiji ambaye hatimaye anauvua utawa wake, na sehemu kubwa ya uigizaji ni ya macho na ukimya tu. Ni filamu ya wakati wa ukoloni, na Wakongo ndani yake wamepewa nafasi ndogo mno. Jambo hilo lisemwe wazi darasani. Lakini mhusika anayetaka kuhudumia na kukataa kugeuzwa pambo, kwa maoni yangu, anatufundisha mengi kuhusu mwigizaji mwenyewe. Baada ya mwaka 1967 alipunguza sana kazi ya filamu ili awalee wanawe wawili, wakati ambapo bado alikuwa akitafutwa na kila mtayarishaji.

Jibu la tatu, kutoka kwa Mfanyakazi wa Misaada Mstaafu, Nairobi

Mwalimu, nijibu lile la picha. Wanafunzi wako wana haki. Picha nyingi za miaka ile zilimwonyesha mtoto wa Kiafrika bila jina, mikononi mwa mgeni mwenye jina, huku wauguzi wenyeji waliokesha na mtoto huyo wakiachwa nje ya fremu. Lawama hiyo inawahusu zaidi waliopiga na waliochapisha, ingawa naye hawezi kuepushwa nayo kabisa.

Tofauti yake naiona katika alichofanya baada ya kamera kuzimwa. Alisoma taarifa kabla ya kila safari, akazungumza na waandishi wa habari kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiitaliano na Kiholanzi, na mwaka 1989 akatoa maelezo mbele ya wabunge wa Marekani. Mwaka huohuo alikwenda Sudan wakati wa mpango uliotaka serikali ya Khartoum na wapiganaji wa kusini wakubali chakula kipite katikati ya vita. Hakuchoka kusema kwamba njaa ile ilitengenezwa na watu, na hiyo si kauli ya mtu anayetafuta machozi tu.

Septemba 1992 alikuja Kenya, kisha akaingia Somalia, iliyokuwa haina serikali tangu Siad Barre alipoangushwa Januari 1991. Kutoka kwenye ndege aliona ardhi nyekundu yenye vichuguu vingi kando ya kila kambi, na vyote vilikuwa makaburi. Katika mji wa Baidoa alikuta lori likikusanya maiti za usiku uliopita, nyingi zikiwa za watoto. Aliporudi alizunguka kwenye vyombo vya habari vya Ulaya akieleza aliyoyaona, na wiki chache baadaye akagundulika kuwa na saratani iliyoanzia kwenye kidole tumbo. Miezi minne haikupita tangu safari ile alipofariki.

Muulizaji

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Suala la chanzo cha njaa limenifungulia mlango: nitaweka mgomo wa reli wa 1944 na kuporwa kwa chakula Somalia kimoja kando ya kingine, kisha niwaache wanafunzi wajadili. Je, The Nun's Story inafaa kwa kipindi kimoja?

Mpenzi wa Sinema, Kisangani

Haifai, mwalimu, kwa kuwa inakaribia saa mbili na nusu. Chagua sehemu ya hospitali ya Kongo na ile ya mwisho anapoivua nguo ya utawa peke yake chumbani, mbili hizo zitatosha kwa mjadala, na filamu nzima waitazame siku ya Jumamosi.