Katoni la majarida ya dramu Kibuye: nilinunue, au pesa iende kwa simbali?

MguuWaKondele

Habari zenu ndugu na dada. Nahitaji ushauri kabla ya Jumapili.

Mimi hupiga dramu kanisani hapa Kondele, Kisumu, na Ijumaa usiku niko na bendi ya ohangla, muziki wa ngoma wa Waluo. Sijawahi kukaa darasa la muziki. Nilianza na madebe, nikapewa seti ya kanisa mpigaji wetu alipohamia Nairobi, na yote ninayojua nimeyapata kwa kutazama mikono ya watu, halafu YouTube bando likiruhusu.

Jumapili iliyopita nilipita soko la Kibuye kutafuta viatu. Kwa muuzaji wa vitabu vya mtumba nikaona katoni, na juu yake picha ya mtu amekaa nyuma ya seti. Nikachuchumaa palepale, viatu nikavisahau. Ni majarida 37, mengi ni Modern Drummer ya miaka ya 1990, machache ni Rhythm ya Uingereza. Nikafungua moja katikati. Kuna mistari ya nota za dramu, na juu ya kila nota mtu ameandika hesabu kwa penseli, mwandiko mdogo sana, na pembeni ametia alama za vema. Nilizihesabu, ni tisa. Nadhani mtu huyo, popote alipo, alilirudia zoezi hilo moja siku tisa.

Muuzaji anataka 4,000 kwa katoni zima. Nisipokuja Jumapili hii atayatoa kwa kilo kwa akina mama wa njugu. Akiba yangu ni 6,500 na niliiweka kwa ajili ya simbali ya mtumba, ile sahani ya madini ya kwenye seti, maana ya kanisa imepata ufa kutoka ukingoni kwenda katikati, urefu wa kidole. Ukiipiga inalia kama sufuria.

Je, majarida kama haya bado yana maana siku hizi video zimejaa kila mahali? Na nota sijui kusoma hata moja.

Vijiti5A

Omera, nunua simbali. Nasema kwa moyo mweupe. Jarida halina sauti. Nilipotaka kujua namna ya kuachilia kijiti kiruke chenyewe badala ya kukisukuma, nilisoma maelezo mara nne sikuelewa kitu. Video ya dakika tatu ikanionyesha kidole cha kati kinavyofanya kazi, na siku hiyohiyo mkono ukaacha kuchoka. Picha ya mkono uliosimama haiwezi kukufundisha hilo.

Tena nusu ya majarida hayo ni matangazo ya vifaa ambavyo havitengenezwi tena. Utakuwa umenunua katalogi ya duka lililofungwa.

MzeeWaNakuru

Kijana wangu wa Kondele, nimepiga benga tangu miaka ya 1980, sasa nimepumzika hapa Nakuru. Nataka uelewe jambo moja kabla hujaamua.

Tony Allen, yule Mnaijeria aliyepiga na Fela Kuti na akafariki Paris mwaka 2020, alisimulia mwenyewe jinsi alivyokuwa kijana Lagos, wapigaji waliomzunguka wakiiacha haihati, zile simbali mbili zinazofungwa na kufunguliwa kwa mguu, imesimama tu bila kazi. Akakuta somo la Max Roach, mpiga dramu wa jazi wa Marekani, kuhusu haihati katika jarida la Down Beat, jarida la jazi la Chicago. Hakuwa na mwalimu wa kumwonyesha. Alikaa na ukurasa ule mpaka mguu wake wa kushoto ukapata kazi, na ile haihati unayoisikia kwenye afrobeat ina asili yake hapo. Hakuwa Max Roach wa pili kwa kusoma. Alichukua wazo, akalipigia midundo ya kwao, likawa kitu ambacho Max Roach mwenyewe hakuwa nacho.

Sisi tulikuwa na jarida moja kwa wapigaji watano. Lilikaa kwa kila mtu wiki moja. Siku ya kulirudisha ilipokaribia nilikuwa nalala saa nane usiku nikinakili mazoezi kwenye daftari la hesabu, lile la miraba. Daftari hilo ninalo hadi leo, jalada limeshaisha. Kwa hiyo ukiniuliza kama majarida yana maana, siwezi kukujibu kwa upole. Yana maana kubwa. Lakini sikuambii ununue yote 37.

Na nota zisikutishe. Chukua daftari la hesabu, kata mstari wenye miraba 16. Hiyo ni hesabu moja ya mapigo manne: pigo la 1 liko kwenye mraba wa kwanza, la 2 kwenye wa tano, la 3 kwenye wa tisa, la 4 kwenye wa kumi na tatu. Chini weka mguu, katikati snea, ile ngoma ndogo ya mlio mkali, juu haihati. Sasa tazama jarida: ile nota ya nafasi ya chini kabisa kati ya mistari mitano ni ngoma ya mguu, ya nafasi ya tatu kutoka chini ni snea, na ile x iliyokaa juu ya mistari yote ni haihati. Hamisha nota moja moja kwenye miraba. Wiki mbili, utaanza kusoma bila daftari.

MabatiNaMasikio

Naongeza jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Vijiti5A, video inakupa kile ulichotafuta. Mimi sikuwahi kutafuta habari za masikio kwa sababu sikujua kwamba nina tatizo. Nilikuwa nikifungua jarida la zamani la dramu kwa rafiki yangu Maseno, nikitaka zoezi la mguu, nikageuza ukurasa na kukuta makala ya mpigaji aliyekuwa akisikia mlio usiokwisha masikioni kila usiku. Nikakaa kitako. Mlio ule nilikuwa nao miezi minane, nikidhani ni uchovu.

Kipimo cha wataalamu wa usalama kazini kule Marekani ni hiki: sauti ya desibeli 85 sikio linavumilia saa nane kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatika nusu. Ukifika 100, umebaki na dakika 15. Sasa fikiria ibada yetu ya saa tatu, ukumbi wa mabati, spika iko mgongoni mwako na simbali iko usawa wa sikio. Siku hizi sikai kwenye seti bila vizibo vya sikio. Mlio haujaondoka, ila haujaongezeka.

Nunua machache, ndugu. Na vizibo ununue kabla ya simbali.

MwalimuShinyalu

Mdogo wangu, mimi hufundisha watoto isukuti, ngoma ya Waluhya, hapa Shinyalu, Kakamega, na nimesoma uzi huu nikiwa na uchungu kidogo. Ukiyachukua majarida hayo, yapekue yote 37 uone kama kuna ukurasa mmoja wa isukuti au wa ohangla. Nina shaka sana. Isukuti yetu iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Maana yake wazee wanaondoka nayo. Ngoma ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga, na mazungumzo ya hizo tatu hakuna aliyeniandikia mimi nikiwa mwanafunzi. Niliyapata kwa kusimama nyuma ya mjomba kwenye matanga na harusi.

Sikukatazi kusoma. Wapigaji wa Marekani walikaa Chicago mwaka 1933 wakakubaliana mazoezi 13 ya lazima kwa kila mpigaji, na kufikia 1984 orodha ikawa imefika 40. Hayo 40 yako bure kwenye tovuti ya Percussive Arts Society, chama cha wapigaji ngoma, usiyalipie shilingi. Faida niliyoiona mimi katika kazi yao ni kwamba walikaa wakaandika. Mikono yao si bora kuliko ya mjomba wangu, lakini mjomba amefariki na nusu ya aliyoyajua sikuyashika.

Mzee wa Nakuru ametupa daftari la miraba. Watoto wangu wataanza nalo Jumatatu.

Vijiti5A

Mwalimu na Mzee, nimewasikia. Bado nasema simbali ni chombo cha kazi yake na waumini wanaisikia kila Jumapili. Ila MguuWaKondele, ufa wa urefu wa kidole hauhitaji simbali mpya leo. Peleka kwa fundi wa vyuma mwenye drili, atoboe tundu dogo pale ufa unapoishia, halafu alainishe kingo kwa tupa. Ufa ukikutana na tundu husimama, au hutembea polepole sana. Yangu imekaa mwaka mzima hivyo. Sauti haitarudi yote, lakini utakuwa umepata muda wa kuweka akiba.

MguuWaKondele

Nimerudi. Jaduong' (mzee wetu wa Nakuru), Mwalimu, na nyote, asanteni sana.

Nilienda Kibuye baada ya ibada. Nilikaa na katoni karibu saa nzima, muuzaji akaniletea kigoda. Nilichofanya ni kutafuta mwandiko wa penseli. Majarida 14 yalikuwa na alama za yule mtu, nikayachukua hayo pamoja na mawili yenye makala ya masikio. Tumepatana 1,600 kwa yote 16. Mengine nilimwomba asiyapeleke kwa njugu mpaka mwisho wa mwezi. Kuna kijana wa Nyalenda anayejifunza, nimempigia simu.

Simbali imetobolewa Jumatatu kwa shilingi 150. Ule mlio wa sufuria umepungua. Vizibo nimepata vya sponji katika duka la dawa, na ibada ya katikati ya wiki nilisikia sauti ya mwimbaji wetu wa pili kwa mara ya kwanza.

Lile zoezi la vema tisa nimelihamisha kwenye miraba kama Jaduong' alivyoelekeza. Ilinichukua jioni mbili. Mguu unaangukia mraba wa kwanza na wa saba, snea wa tano na wa kumi na tatu. Nilipolipiga polepole nikashtuka, kwa sababu huo mguu wa mraba wa saba ndio ninaoupiga kwenye ohangla kila Ijumaa bila kujua unakaa wapi. Sasa najua, na jana nimeweza kumweleza mpiga kinanda wetu aingie wapi, jambo ambalo tumegombania tangu Januari.

Ukurasa unaofuata wa daftari nimeuandika mwenyewe: mdundo wa mzee wetu mmoja wa ngoma za ohangla, yule anayepiga ngoma ya ngozi ya kenge. Nimeupata nusu tu. Kuna pigo analoweka katikati ya miraba miwili na sijui niliandike vipi.

Mwalimu, Jumamosi ya wiki ijayo sina shughuli. Napanda matatu ya Kakamega asubuhi, nikufikie Shinyalu na daftari. Nionyeshe ile ngoma ndogo ya isukuti inavyoijibu kubwa, tujaribu kuiandika pamoja. Na Jaduong', kama unaweza kupiga picha zile kurasa zako za miaka ya 1980 kabla karatasi haijaoza, nitalipia bando.