Leo Szilard na bomu la atomiki: waraka wa 1945 unamsafisha?

Mleta mada: Wakuu, akitajwa Szilard, mwanafizikia mzaliwa wa Budapest, watu hukimbilia Julai 1945. Aliandika waraka kwa Rais Truman wa Marekani, wanasayansi 70 wa mradi wa bomu wa Marekani wakatia saini, wakisihi Japani isipigwe bomu kabla haijatangaziwa wazi masharti na kukataa kusalimu amri. Waraka haukumfikia Truman. Basi tunaambiwa hana doa. Nakataa. Wazo la nyutroni kupasua atomu kwa mfululizo lilimjia yeye, London, 1933. Barua ya Einstein kwa Rais Roosevelt ya Agosti 1939, iliyomwonya kuhusu bomu la aina hii, alishughulika nayo yeye. Kinu cha kwanza cha nyuklia, Chicago, Desemba 1942, ni kazi yake na mwanafizikia Mwitalia Fermi.

Mchangiaji 1: Mkuu, umeruka kipande. Huyu ni Myahudi aliyekimbia Berlin Hitler alipotwaa madaraka. Mwishoni mwa 1938 wanakemia Wajerumani Hahn na Strassmann wakapasua atomu ya urani, madini ya kutengenezea bomu, hapo hapo Berlin. Ulitaka akae kimya? Tena alijitahidi kuficha: hataza yake (hati ya kumiliki wazo lile la 1933) aliikabidhi jeshi la majini la Uingereza iwe siri, na 1939 aliwaomba wenzake wasichapishe matokeo. Mwanafizikia Joliot-Curie wa Paris akachapisha. Mbona huyo hamsemi?

Mleta mada: Hofu ya Hitler naielewa. Ila Joseph Rotblat, mwanafizikia Mpolandi, aliondoka Los Alamos, maabara ya mradi wa bomu, mwishoni mwa 1944 alipojua Wajerumani hawana mpango wa maana wa bomu. Szilard alibaki mradini.

Mchangiaji 2: Nawasoma nikiwa Lubumbashi. Urani mnayoizungumzia, sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, huku kwetu Katanga. Na ndiyo iliyompeleka Szilard kwa Einstein mara ya kwanza: alitaka familia ya kifalme ya Ubelgiji ionywe, urani ya Kongo isiangukie mikononi mwa Ujerumani. Barua kwa Roosevelt nayo inaitaja Kongo. Wachimbaji je? Hawamo kwenye barua, hawamo kwenye waraka. Mnagombea dhamiri ya mtu mmoja tu.

Mchangiaji 1: Wa Lubumbashi, hapo sina jibu, mjadala huo ufunguliwe mada yake, nitakuja. Ila kwa Rotblat, mleta mada, jiulize: aliondoka kimyakimya, bomu likaendelea kutengenezwa bila yeye. Zile saini 70 zilikusanywa ndani ya mradi. Szilard angekuwa ameshaondoka, nani angezizungusha?