Saratani ya titi, mimba wiki 19: dawa na kujifungua tuvipangeje?

Mkunga_Nachingwea
Habari za kazi wadau. Kliniki yetu ina mama wa mimba ya pili, majibu ya kinyama cha titi yamerudi: saratani. Kwa tarehe aliyoitaja ya hedhi ya mwisho, ana wiki 19. Nyumbani hawaelewani. Mama mkwe anataka mimba itoke, mume anataka wasubiri ajifungue kwanza, na pesa ya korosho iwe imeingia. Nataka nikae nao Jumatatu nikiwa na maelezo ya uhakika. Dawa zinaanza lini, zinasimama lini, na sisi huku chini tuangalie nini?

Daktari_Zamu
Pole na majukumu, dada. Waambie wote wawili wamekosea. Kutoa mimba hakumwongezei mama nafasi ya kupona, na kusubiri miezi minne na nusu ni kuuachia uvimbe njia. Upasuaji wa titi unafanyika mimba ikiwa na umri wowote. Kemotherapi, yaani dawa za kuua saratani, inaanza kuanzia wiki ya 14 hivi, viungo vya mtoto vikishaumbika. Vya kungoja hadi ajifungue ni mionzi, tamoxifen (vidonge vya kuzuia homoni), na trastuzumab (dawa ya saratani yenye HER2) ambayo hukausha maji ya mimba.

Ila kabla ya yote, hizo wiki 19 zihakikishwe kwa utrasaundi wiki hii hii. Hedhi ya kukumbuka kichwani haitoshi. Ukipotea kwa wiki 3, utamzalisha njiti ukidhani katimia.

Tuchukue kwamba ni 19 kweli. Doxorubicin na cyclophosphamide, dawa mbili za kemotherapi, hutolewa pamoja kila siku 21: wiki ya 20, 23, 26 na 29. Kemotherapi nyingine, paclitaxel ya kila wiki, ikifuata, anapata ya 32, 33 na 34, halafu anasimama. Zilizobaki atamalizia baada ya kujifungua. Baada ya wiki ya 35 hapewi kitu, kwa sababu dawa hushusha chembe nyeupe na chembe sahani (zinazogandisha damu). Uchungu ukimkuta damu iko chini, atavuja au atapata maambukizi, na mtoto naye atazaliwa na damu iliyoshuka. Ziachwe angalau wiki 3 kati ya dozi ya mwisho na uzazi. Lengo ni wiki ya 37 au 38, kwa njia ya kawaida isipokuwa kuna sababu ya kiuzazi ya kumpasua.

Msikubali azalishwe wiki ya 32 "ili atibiwe vizuri". Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulifuatilia watoto 129 ambao mama zao walikuwa na saratani wakati wa ujauzito. Kilichoshusha alama za ukuaji wa akili kilikuwa kuzaliwa kabla ya wakati, si dawa.

Maabara_Kusini
Naongeza dogo. Jibu la "saratani" peke yake halimtoshi daktari wa Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, atataka vipimo vya vipokezi vya homoni na HER2 (protini ya saratani), vinavyoonyesha dawa ipi itafaa. Kwa hiyo fuatilieni kile kipande cha nta chenye kinyama chake, maabara kilikosomwa, kisafiri naye. Ikibidi achukuliwe kinyama upya, kiingie kwenye formalini ya asilimia 10, ujazo mara kumi ya nyama, na saa ziandikwe kwenye chupa. Nyama inayowekwa kwenye spiriti au maji ya chumvi mara nyingi ndiyo inayorudi na jibu "haisomeki".

Nesi_Dripu
Mkunga, kazi yako kubwa iko siku ya 7 hadi 14 baada ya kila dripu ya kemotherapi. Hapo ndipo chembe nyeupe zinapogusa chini. Joto likifika 38, usiishie kwenye kipimo cha haraka cha malaria, hata kikiwa chanya. Mikoa yetu hii malaria tumeizoea mno, ndiyo mtego wenyewe. Pima malaria, chukua picha kamili ya damu, anza antibayotiki ya sindano, mpe rufaa siku hiyo hiyo. Akiwa nyumbani asimeze paracetamol kabla ya kupima joto, itaficha homa. Dozi ya SP (ya kukinga malaria kwa wajawazito) nayo daktari wa saratani aambiwe kwanza.

Jambo linalotia watu kiwewe: doxorubicin hufanya mkojo uwe mwekundu kwa siku 1 hadi 2. Familia inakuja mbio ikisema mimba inatoka. Mpe pedi safi nyeupe, akojoe, ajifute, aivae kwa saa moja. Ikibaki nyeupe, ni rangi ya dawa. Ikiwa na damu, ni dharura kama ya mjamzito mwingine yeyote.

Kila wiki 3 mtoto apimwe ukuaji na maji kwa utrasaundi, maana wengine huzaliwa wadogo. Na safari ihesabiwe. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ilikatika Somanga. Msimu wa mvua aondoke siku 2 au 3 kabla ya tarehe ya dripu.

Mkunga_Nachingwea
Asanteni sana. Na mtoto akishatoka? Maziwa?

Wodi_ya_Watoto
Picha kamili ya damu ya mtoto siku ya kwanza, uzito, uchunguzi wa kawaida. Kondo liende maabara kwenye formalini, lisifukiwe. Ongeeni na bibi mapema kuhusu hilo.

Wakati kemotherapi inaendelea hanyonyeshi, dawa hupita kwenye maziwa. Kemotherapi inaweza kuanza tena wiki chache tu baada ya uzazi, kwa hiyo maziwa ya kopo yawepo ndani kabla ya uchungu. Siku ya kwanza hesabu mililita 60 kwa kila kilo, ukipanda taratibu hadi 150 siku ya saba. Mtoto wa kilo 2.6 ni kama mililita 20 kila saa 3, kisha 50 mwishoni mwa wiki. Maji yachemke, yasikae zaidi ya nusu saa kabla ya kuchanganywa, kijiko cha kopo kisawazishwe kwa kisu. Anyweshwe kwa kikombe kidogo, chupa huku ni shida kuisafisha. Kilichobaki baada ya saa 2 kimwagwe. Kosa tunaloliona zaidi ni kuongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi: mtoto anashiba tumbo, uzito haupandi. Kwa hiyo Jumatatu muulize mume bei ya kopo, na nani atalinunua la pili.